Wasifu Usomwe Nyumbani, na Kurasa Ngumu Zisirukwe

 

Leo nataka kuzungumza nawe habari za kusomeana nyumbani, na hasa kusomeana wasifu: maisha ya mtu aliyezaliwa kweli, akaishi mahali panapojulikana, akatenda mema na mabaya, akafa, na jina lake likabaki. Chakula kimeshaliwa, vyombo vimeoshwa, watoto wamekaa mkekani, na baba au mama amefungua kitabu anasoma kwa sauti ya kusikika na wote.

Nasema kwanza na wazazi wanaowasomesha watoto wao nyumbani. Kwao hilo ni somo la historia, la lugha na la maadili kwa pamoja. Lakini nasema pia na mzazi ambaye mtoto wake hutoka alfajiri na begi mgongoni na kurudi jua likishuka. Naye nyumbani kwake ana jioni, na robo saa ya jioni inatosha kuanzia.

Neno langu ni moja. Wasifu usomwe kwa sauti, familia ikiwa pamoja, na usomwe wote. Zile kurasa zinazomfedhehesha mhusika zisirukwe. Mtoto anayesomewa sifa tupu hujifunza kusifu, na mtoto anayesomewa maisha kamili hujifunza kupima. Kupima ndiko tunakotaka ajue, maana ulimwengu anaouendea umejaa watu wanaotaka wasifiwe.

Na asije mtu akasema jambo hili ni la kigeni. Pwani yetu, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, Unguja na Pemba, maulidi ya Barzanji husomwa kwa sauti, watu wazima na watoto wakiwa wamekaa pamoja. Na Barzanji ni nini kama si habari za kuzaliwa na maisha ya Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie? Wakristo nao huwasimulia watoto wao maisha ya watakatifu, na kila tarehe 3 Juni huwakumbuka mashahidi wa Uganda, baadhi yao wakiwa vijana wadogo kabisa. Tuna pia maisha ya Fumo Liyongo, ambayo Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliyaandika kwa utenzi mwaka 1913. Utenzi ule ulitungwa usikilizwe. Na hausemi tu nguvu za Liyongo na upinde wake. Unasema pia kwamba aliyemuua ni mwanawe mwenyewe, aliyehadaiwa kwa ahadi za wakubwa. Wazee waliotuachia habari hiyo hawakuona haja ya kuificha.

Wenzetu wa mbali nao wana mapokeo yao. Huko Uingereza, Charlotte Mason, mwalimu aliyefariki mwaka 1923, aliweka katika masomo ya watoto maisha ya watu wakubwa yaliyoandikwa na Plutarch, Mgiriki wa zama za utawala wa Roma. Familia nyingi za Marekani zinazosomesha watoto nyumbani zinamfuata Mason hadi leo. Mambo mawili ya mapokeo hayo yanatufaa. La kwanza, Mason alitaka sehemu isomwe mara moja tu, kisha kitabu kifungwe na mtoto asimulie alichokisikia kwa maneno yake mwenyewe. Hakuna maswali kumi ubaoni, hakuna alama nyekundu. Mtoto anasimulia, wenziwe wanamkumbusha alichosahau, basi. Anayejua kwamba atasimulia, husikiliza. La pili ni la Plutarch mwenyewe. Aliandika maisha wawili wawili, Mgiriki mmoja na Mrumi mmoja, kisha mara nyingi akawalinganisha: huyu alizidi wapi, yule alipungukiwa wapi. Jambo hilo la kusoma wawili wawili tulishike, tutalirudia.

Sasa tuanze na kitabu gani? Mimi ningemwambia mzazi aanze na Wasifu wa Siti binti Saad, alioutunga Shaaban Robert. Kimeandikwa kwa Kiswahili na bingwa wa Kiswahili, si kirefu, na maisha yenyewe yanamshika msikilizaji tangu mwanzo. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Wazazi wake walikuwa watu wa kazi za mikono. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti alitembeza vyungu akivinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Shule hakusoma. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba kwa mwalimu wa muziki, Ali Muhsin, akaingia katika taarabu ambayo mpaka hapo ilikuwa ya wanaume, ikiimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa. Yeye akaimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, akarekodi nyimbo katika sahani za santuri, na sahani hizo zikaenea pwani nzima na bara. Alifariki mwezi wa Julai, 1950.

Sasa hapo alipoamua kuondoka Fumba, mzazi, simama. Funga kitabu na uulize: ungekuwa wewe ni Mtumwa binti Saad, una vyungu vyako, una mama yako, hujui kusoma wala kuandika, na huko mjini hakuna anayekungoja, ungeondoka? Usiwape jibu. Waache wabishane. Mmoja atasema angebaki na mama. Mwingine atasema angekwenda. Mdogo wao atauliza vyungu angemwachia nani, na hilo nalo ni swali la haki. Kesho mkiendelea, kila mmoja atataka kujua yaliyotokea, kwa kuwa ameshaweka neno lake.

Kuna kituo kingine katika maisha ya Siti. Alipopata jina, wapo waliomtungia wimbo wa kumdharau, wakamkumbusha kwamba ametoka shamba, hana sura wala ukoo. Naye akawajibu kwa wimbo. Hakuna mtoto asiyejua kudharauliwa. Shuleni, mtaani, hata nyumbani kwa ndugu zake. Jioni hiyo mtasikia mambo ambayo mtoto asingeyasema kama mngemwita na kumwuliza, "Kuna mtu anakusumbua?" Maisha ya mtu mwingine humpa mtoto mlango wa kupitisha maneno yake. Na hiyo ndiyo sababu nasisitiza kusoma kwa sauti, pamoja. Akisoma peke yake, akifika kwenye dharau ile, atapita nayo kimya kimya. Mkisoma pamoja, mtaisikia pamoja, na mzazi ataona ni sura ya nani imebadilika.

Sasa, msikilizaji, nifike kwenye kurasa ngumu.

Mwaka 1902 na 1903 yalichapishwa huko Ujerumani maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa Kiswahili chake mwenyewe, yakiwa yamefasiriwa na Heinrich Brode, Mjerumani. Kitabu hicho ni miongoni mwa maandishi ya kwanza ya mtu kusimulia maisha yake kwa nathari ya Kiswahili. Tippu Tip mwenyewe alifariki Unguja mwaka 1905, na nyumba yake bado ipo Shangani, Mji Mkongwe. Anasema alianza safari ndogo ndogo za biashara ya sandarusi akiwa na umri wa miaka 12. Kisha akaenda bara na baba yake, akafika Tabora, akavuka ziwa, akaingia Kongo. Alikutana na Livingstone, akafuatana na Stanley mwaka 1876, na mwaka 1887 akakubali kuwa liwali wa Stanley Falls chini ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Hayo yote mtoto atayasikiliza kwa hamu, hasa ramani ikiwa ukutani na kidole kikifuata njia ya msafara.

Lakini mtu huyo alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Husimulia misafara, vita na mateka kwa utulivu wa mtu anayehesabu mali. Sauti ya mwanamke aliyefungwa kamba akatolewa kijijini kwake hatuisikii katika kitabu kile. Hapo mzazi ana njia tatu. Ya kwanza, asikisome kabisa. Ya pili, asome ushujaa na safari, aruke mateka. Ya tatu, asome, asimame, aseme wazi kilichokuwa kinatendeka.

Mimi nasema ashike ya tatu. Kuhusu ile ya pili, wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mtoto uliyemficha leo atayasoma mwenyewe kesho, na atakapoyasoma atajifunza mambo mawili kwa mpigo: kwamba Tippu Tip aliuza watu, na kwamba wewe ulijua ukanyamaza. Akishafika hapo, hatakuamini hata ukimsimulia ya Nyerere.

Ndipo turudi kwenye wazo la kusoma wawili wawili. Mkimaliza Tippu Tip, chukueni Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela kilichotoka mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa mtu aliyewahi kutekwa utumwani akaachwa huru. Anasimulia kutekwa kwa watu bara, safari ya kwenda pwani, majahazi, kuokolewa baharini, na maisha ya walioachwa huru katika makazi ya Frere Town, karibu na Mombasa. Yule aliyekuwa mateka asiye na jina katika kitabu cha kwanza, hapa ana jina, ana mama, ana woga na ana matumaini. Msafara ni ule ule ukitazamwa kutoka nyuma, kule minyororo iliko.

Na wala Mbotela naye msimwache bila kumpima. Wahakiki wengi wamemlaumu kwa kuwasifu mno Waingereza na kuwatwisha Waarabu lawama yote. Mtoto wa miaka 13 au 14 anaweza kabisa kuulizwa: kwa nini mtu aliyelelewa Frere Town, chini ya wamisionari, aliandika hivi? Nani aliyechapisha kitabu chake, na katika utawala wa nani? Mkifika hapo, mtoto ameanza kuwa mwanahistoria, akiwa bado amekaa mkekani.

Mwenye nafasi awapeleke watoto wakaone. Mombasa pako mahali panapoitwa Kengeleni, penye kengele ya Frere Town. Unguja, kule Mkunazini, kanisa kuu la Anglikana limejengwa pale palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Kutoka hapo hadi nyumba ya Tippu Tip ni mwendo wa miguu. Mtoto aliyesomewa vitabu vile viwili akitembea njia hiyo, huhitaji kumhubiria.

Najua jambo hili ni zito kwa familia nyingi za pwani, na kwa jamaa zetu walioko Muscat na kwingineko Ghuba. Zipo nyumba ambamo babu upande mmoja alimiliki watu, na bibi upande wa pili alimilikiwa. Nawasihi wazazi wa nyumba hizo wasiogope. Mtoto hahukumiwi kwa matendo ya babu yake, na aambiwe hivyo waziwazi. Lakini ana haki ya kujua ametoka wapi, na ni heri ayajue kutoka kinywani mwa wanaompenda.

Wa tatu ninayempendekeza ni Salme binti Said, binti wa Sultan Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani. Kuandika kuliachiwa wavulana. Salme akajifundisha kuandika kwa siri, akiyaiga maandishi ya msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 15, aliingia katika njama za kaka yake Barghash dhidi ya kaka yake mwingine, Majid, aliyekuwa akitawala, na kwa kuwa alijua kuandika, akawa mwandishi wa barua za waasi. Njama zikashindwa. Hapo pia funga kitabu: elimu aliyoitafuta kwa jasho lake ilimwingiza katika fitina ya ndugu. Je, kosa ni la kalamu? Kama si la kalamu, ni la nani?

Mwaka 1866 Salme alitoroka Unguja kwa ajili ya Mjerumani aliyempenda, akabatizwa, akaitwa Emily Ruete, akaishi Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870, akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Akaanza kuandika habari za maisha yake ili watoto hao wajue mama yao ametoka wapi. Kitabu kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Kina uzuri mwingi, na kina ukurasa mgumu: Salme anautetea utumwa wa Unguja na kuwalaumu Wazungu waliotaka kuukomesha. Mtoto atakuuliza, "Mbona mtu mwerevu hivi, aliyepigania haki yake ya kuandika, hakuiona haki ya mtumwa aliyekuwa akimtumikia?" Usiharakishe kujibu. Swali hilo linatuhusu na sisi tulio hai, kila mmoja na mtu asiyemwona nyumbani mwake mwenyewe.

Utaniambia, "Hicho ni cha Kijerumani, na wasifu mwingine mzuri ni wa Kiingereza. Nitasomaje?" Fanya kama walivyofanya wasimulizi wetu siku zote: soma wewe kwanza, elewa, kisha simulia kwa Kiswahili. Chukua mfano wa Wangari Maathai, aliyezaliwa kijiji cha Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Alichapisha habari za maisha yake kwa Kiingereza mwaka 2006, miaka miwili baada ya kupata Tuzo ya Amani ya Nobel. Anaeleza jinsi kaka yake Nderitu alivyomwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akaona hakuna sababu, akampeleka. Swali la mtoto mmoja wa kiume, aliyeona ndugu yake wa kike ameachwa nyuma! Wasimulie wavulana wako hilo, na uwaulize kama wamewahi kuuliza swali la namna hiyo kwa ajili ya dada yao.

Naye Wangari msiruke kurasa zake ngumu. Ndoa yake ilivunjika mbele ya macho ya watu, akafungwa siku kadhaa kwa maneno aliyoyasema juu ya mahakama, na mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wabunge walimbeza hadharani. Jengo halikujengwa. Watoto wakijua gharama aliyolipa, miti aliyoipanda itakuwa na maana kubwa zaidi kwao.

Wazazi mlioko London, Columbus au kwingineko ughaibuni, hili ni lenu hasa. Mtoto anayesikia Kiswahili cha "njoo ule" na "kalale" peke yake hubaki na Kiswahili cha jikoni. Akisikia Kiswahili cha Shaaban Robert kila jioni, masikio yake yatazoea sentensi ndefu, heshima, mafumbo na utamu wa lugha, hata kama mwanzoni hafahamu kila neno.

Niseme machache ya utendaji kabla muda haujatutupa mkono. Usisome zaidi ya robo saa kwa watoto wadogo. Kwa wakubwa nusu saa inatosha. Soma polepole. Waache mikono yao ifanye kazi: wachambue mchele, wasuke ukili, wachore. Mikono ikiwa na kazi, masikio hutulia. Kitabu utakachowasomea, kipitie wewe kwanza, ili ukurasa wa damu au wa aibu usikushtukize mbele ya mtoto wa miaka 5. Kutoruka hakuna maana ya kumwaga kila kitu mbele ya kila umri. Kwa mdogo sema ukweli kwa ufupi, "Watu hawa waliuzwa, na lilikuwa kosa kubwa," kisha endelea; mkubwa utakaa naye zaidi. Changanya wanawake na wanaume, walioshinda na walioshindwa, wa kwetu na wa mbali. Na usiugeuze usomaji kuwa mtihani, maana siku utakapoanza kutoa alama, watoto wataanza kukupa majibu unayoyataka.

Na mkimaliza vitabu, wako watu ambao maisha yao hayajaandikwa. Bibi yupo, babu yupo, jirani aliyefanya kazi bandarini miaka 30 yupo. Watoto waliozoea kupima maisha ya Siti na ya Salme watajua maswali ya kumwuliza bibi yao. Wape daftari waandike.

Msikilizaji mpenzi, mashujaa wasio na doa hawatusaidii kulea, kwa sababu hakuna mtoto atakayeishi maisha yasiyo na doa. Watoto wetu watakosea, watatamani, wataogopa, watalazimika kuamua bila kujua mwisho wake. Waone mapema jinsi watu wa kweli walivyoamua, na gharama iliyofuata. Basi wiki hii tafuta kitabu kimoja cha maisha ya mtu, azima kama huna uwezo wa kununua, kipitie mwenyewe, kisha jioni moja zima televisheni, wakusanye watoto, na usome kwa sauti. Ukifika penye ukurasa mgumu, usigeuze. Soma.